Kitanda cha Chumba Namba Kumi na Moja

Calist alikuwa ametandika vitanda vya watu kwa miaka ishirini na mbili, na hakuwahi hata siku moja kulala kwenye kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine. Hata nyumbani kwake kitanda cha ndoa alikitandika yeye. Mkewe, Luciana, alijaribu mwanzoni mwa ndoa, akamwona mwenzake anazunguka nyuma yake akivuta ncha za shuka, akamwambia, "Basi chukua kazi yako, mimi nitapika." Ikawa hivyo.

Gesti anayofanyia kazi iko Mkiwa, pale njia inapogawanyika, moja ikienda Singida mjini na nyingine ikikata kuelekea Itigi. Ina vyumba vinane. Mwenye gesti, mzee Bonifasi, anaishi Mandewa na huja mara moja kwa wiki kuangalia. Kazi nyingine zote ni za Calist: kufua, kupiga pasi ya mkaa, kuchemsha maji ya kuoga, kukata mche wa sabuni kwa uzi, na kuandika namba kwenye kandambili kwa rangi nyekundu zisije zikaondoka na madereva wa malori.

Alikuwa mtu wa haya. Shuleni alijua majibu mengi, lakini mwalimu akimnyooshea kidole jibu linakwama kooni mpaka mwenzake anamwahi. Alimaliza darasa la saba bila mtu kujua kama alikuwa mjinga au ana akili. Pale gesti haya hiyo ilimfaa. Wageni walimpenda kwa sababu hakuwauliza wanatoka wapi, wala yule waliye naye ni nani. Kwenye mambo ya kusema, msemaji alikuwa Luciana. Kuanzia kanisani mpaka ofisi ya kijiji, Luciana akisema, Calist anatikisa kichwa.

Kitu kimoja tu alijivunia, nacho ni mkunjo. Zamani, mwaka wake wa kwanza kazini, muuguzi mmoja mtu mzima alikwama pale siku mbili akisubiri gari la Itigi. Asubuhi Calist alikuta kitanda chake kimeshatandikwa, na pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha, zimeingia chini ya godoro, ukivuta hazitoki. Akabaki amesimama mlangoni. Yule mama akacheka, akavuruga kitanda, akamwonyesha tena taratibu. Tangu siku hiyo vitanda vyote vinane vikawa na pembe za bahasha. Calist akaongeza mawili ya kwake. La kwanza, mdomo wa foronya usitazame mlango, ili mgeni akiingia aone upande uliofungwa. La pili, ukimaliza, pitisha kiganja mara moja tu, kutoka kichwani hadi miguuni, kisha usiguse tena.

Binti yake, Scola, alijua mkunjo huo akiwa na miaka tisa. Alipomaliza kidato cha nne akasomea mambo ya hoteli Dodoma, na mwishowe akapata kazi ya kuhudumia vyumba katika hoteli moja kubwa, iliyo peke yake kwenye kisiwa kidogo baharini, mwendo wa saa moja na zaidi kwa boti kutoka Dar es Salaam. Wageni wa huko ni watu wanaovuka nusu ya dunia kuja kulala. Calist hakuelewa. Mtu atoke kwao, kwenye kitanda chake, aje alale?

Mwezi wa nne mwaka huu, jioni, Scola akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nina mambo mawili. La kwanza, nimetimiza miaka mitano. Hoteli inawaleta wazazi wa mtu aliyetimiza mitano. Siku nne, wageni kamili, nauli juu yao."

Calist akahamishia simu sikio la pili.

"La pili, wamenipa usimamizi wa vyumba, ila wa majaribio. Miezi mitatu, tangu mwezi wa pili. Nikifaulu nashika moja kwa moja. Sasa nafasi iliyobaki ya ninyi kuja ni mwezi wa tano, wiki ileile wanayomaliza kunipima."

"Basi tusije," Calist akasema haraka. "Tutakuharibia."

"Baba! Mtaniharibia nini?"

Luciana akamnyang'anya simu. "Tunakuja! Mwambie huyo bosi wako tunakuja. Niambie tu, huko watu wanavaa nini?"

Kuanzia jioni ile Calist alikuwa na wazo moja tu kichwani: asije akafanya jambo la kumwangusha mtoto. Alijua wageni walivyo. Alishaona wanaomwaga maji, wanaopangusa viatu kwa taulo, wanaomwachia mhudumu mzigo wa kazi kisha mwenye gesti anamgombeza mhudumu. Akaapa moyoni kwamba yeye hatakuwa mgeni wa namna hiyo. Hatampa mtu yeyote kazi.

Walijiandaa kwa safari kama watu wanaohama. Calist alifunga tochi, kufuli, sabuni ya mche, kamba, mayai ya kuchemsha kumi na mawili na chupa ya chai. Miaka yote amewapokea wasafiri, na hajawahi kumwona hata mmoja aliyefika Mkiwa anacheka. Huwa wanafika na vumbi mpaka kwenye kope, gari limekufa njiani, mzigo umepotea. Kwa hiyo alikaa akiusubiri ubaya.

Ubaya haukuja. Basi lilipita Mkiwa alfajiri kwa wakati wake, na viti vyao vilikuwa vitupu vinawangoja. Dodoma wakapanda treni ya umeme. Calist alishika kingo za kiti akisubiri kurushwarushwa, treni ikaondoka bila yeye kujua, akashangaa kuona nguzo zinarudi nyuma. Luciana alimenya yai, akalila, akalala usingizi. Dar es Salaam walimkuta dereva ameshika kibao chenye majina yao, yameandikwa sawasawa. Akawapeleka kulala kwenye nyumba ya hoteli karibu na bandari, na asubuhi akawapakia kwenye boti nyeupe yenye viti laini.

"Hakuna kilichoharibika," Calist akamnong'oneza mkewe.

"Sasa ndiyo unasikitika?"

"Nasema tu. Labda kinatusubiri mbele."

Luciana akacheka mpaka nahodha akageuka.

Kisiwani walipokelewa na kijana aliyevaa nguo nyeupe, ana sinia. Juu ya sinia kulikuwa na vitambaa viwili vilivyokunjwa, vya baridi, vinanukia maua. Luciana alichukua cha kwake, akajifuta uso na shingo kwa raha zake. Calist alichukua cha kwake akaangalia huku na huku. Mbele yake palikuwa na meza ya mapokezi, ya mbao nyeusi iliyong'aa, na juu yake alama za vidole. Mtu wa kazi akipewa kitambaa cha maji, mkono unajua pa kwenda. Akaifuta ile meza, kona hadi kona, akakunja kitambaa, akakirudisha kwenye sinia.

Kijana akabaki amekodoa macho. Kwa bahati Scola alikuwa anakuja mbio, ana sare ya bluu na beji kifuani, akawakumbatia wote wawili, na kitambaa kikasahaulika.

Nyuma ya Scola alikuja mtu mwembamba mwenye kofia, wa umri wa Calist. Ndiye Bwana Abdulazizi, meneja. Akawapa mikono yote miwili. "Karibuni sana wazazi wetu. Hapa kazi yenu ni moja tu, kupumzika. Mkifanya nyingine nitawashitaki."

"Mimi hutanishitaki," Luciana akamjibu. "Huyu ndiye umwangalie."

Wakapewa chumba namba kumi na moja. Ukifungua mlango unaiona bahari kwa kioo cha ukuta mzima, maji ya rangi tatu, na mchanga mweupe kama chumvi. Bafu peke yake lilikuwa kubwa kuliko chumba chochote cha gesti ya Mkiwa. Luciana alizunguka akigusa kila kitu na kutaja jina la Bwana. Calist hakuiona bahari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akainama.

Pembe zilikuwa za bahasha. Mdomo wa foronya umetazama ukuta. Na katikati ya shuka, kwa anayejua kuangalia, palikuwa na njia moja ya kiganja, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nimewafundisha wote," Scola akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Vyumba arobaini na viwili, baba. Vyote vinatandikwa Kimkiwa."

Calist alitaka kusema neno. Akaishia kupapasa ile pembe kwa kidole gumba.

Usiku ule Luciana alijitupa katikati, mikono huku na huku kama msalaba, akakoroma. Calist alilala ukingoni, mgongo umenyooka, asije akakivuruga.

Asubuhi aliamka kabla ya jua, akakitandika. Kwao mgeni aliyelala nyumbani kwa mtu hakunji mikono akamwachia mwenyeji matandiko. Ataamka, akunje alipolala, ndipo asalimie. Akafagia mchanga walioingia nao, akatafuta kitambaa, akapangusa bafu, akafuta kioo mpaka akajiona mzee. Luciana akaenda kuogelea amevaa gauni, kwa sababu nguo za kuogelea za hoteli aliziangalia akazirudisha kabatini.

Saa tatu mlango ukabishwa. Alikuwa msichana mnene kidogo, mpole, ana kigari cha mashuka. "Shikamoo baba. Naitwa Rukaiya. Nimekuja kusafisha."

"Marahaba. Pameshasafishwa, mwanangu."

Rukaiya akachungulia. Akaona sakafu, akaona kitanda. "Baba, kitanda kimetandikwa na nani?"

"Nimekiweka sawa tu. Nipe hizo shuka safi, nitabadilisha. Wewe pumzika. Una vyumba vingapi leo?"

"Kumi na viwili. Mwenzangu anaumwa."

"Kumi na viwili peke yako! Basi nenda. Hapa umeshamaliza."

Rukaiya alisita. Kisha akampa shuka na taulo, akamshukuru kwa kuinama, akasukuma kigari chake. Kwenye karatasi yake, kama alivyofanya kwa vyumba vingine, akatia alama kwenye kumi na moja: kimesafishwa.

Mchana Scola akaja kukagua. Baba yake akamfungulia mlango. Scola aliangalia kitanda, akavuta pembe, haikutoka. Akapita bafuni, akarudi uso unang'aa.

"Yule Rukaiya, baba! Wiki iliyopita pembe zake zilikuwa kama masikio ya mbuzi. Ona leo! Nilikuwa naogopa ataniangusha. Ameshika, ameshika kabisa."

Akasaini karatasi palepale juu ya goti lake.

Calist alifungua mdomo. Neno lilikuja, likafika kooni, likakaa pale kama zamani darasani. Alimwangalia mtoto wake alivyofurahi, akaona kusema ni kumnyang'anya ile furaha. Mdomo ukafungwa.

Siku ya pili ikawa vilevile. Shuka zikapokelewa mlangoni, Rukaiya akatia alama, Scola akasaini. Calist aliona amefanya vizuri, amemsaidia binti wa watu na hajamchosha mtu yeyote. Alianza hata kutembea ufukweni, viatu mkononi. Luciana ndiye aliyekuwa na habari za kusimulia. Alishafanya urafiki na mama mmoja wa Kizungu bila kujua lugha yake. Alishasingwa mafuta na wasichana wawili, akatoka anapepesuka. Asubuhi alimwita mpishi mezani.

"Mwanangu, haya mayai ni ya kuku gani?"

"Ya kisasa, mama."

"Ndiyo maana. Kiini kimepauka kama mtu ametoka kuugua. Njoo Singida nikupe yai."

Siku ya tatu asubuhi Rukaiya akabisha mlango, na safari hii hakuwa na kigari. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba, naomba unisamehe. Ningeingia tu ile siku ya kwanza."

"Kuna nini?"

Luciana, aliyekuwa anasuka nywele mbele ya kioo, akageuka.

Rukaiya akaeleza huku akifuta pua. Milango ya pale hufunguliwa kwa kadi, na kila mhudumu ana yake. Kompyuta ya mapokezi inakumbuka kadi ya nani imefungua chumba gani, siku gani. Leo asubuhi Bwana Abdulazizi alikuwa anamalizia kumpima Scola, akalinganisha karatasi na kompyuta. Vyumba vyote vikakubaliana, isipokuwa kumi na moja. Siku mbili karatasi inasema kimesafishwa, tena kimekaguliwa, lakini kadi ya mhudumu haijafungua, wala ya msimamizi.

"Anasema tumesaini tukiwa tumekaa kivulini, kwa vile ni chumba cha wazazi wa Scola. Kusaini chumba ambacho hujaingia ni kosa kubwa hapa, baba. Mimi nimemwambia ulinisaidia, akasema hajawahi kusikia mgeni anayesafisha chumba. Anaona tunatunga. Jioni anaandika ripoti. Scola ataandikiwa hakufaulu."

"Scola amesema nini?"

"Amenyamaza. Alipoelewa ni wewe uliyetandika, amenyamaza tu. Hataki kukutaja."

Luciana akasimama, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. "Niacheni mimi nimwendee huyo Abdulazizi. Atanijua leo."

Calist akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amesafiri njia ndefu akijihadhari asimwangushe mtoto, na amemwangusha kwa kutandika. Tena kwa kunyamaza. Angesema neno moja tu siku ile ya kwanza, Scola akiwa na kalamu mkononi, lisingekuwepo lote hili.

"Mama Scola," akasema, "kaa."

"Nikae?"

"Nitakwenda mwenyewe."

Luciana alimwangalia kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Kisha akakaa.

Ofisini Scola alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma. Bwana Abdulazizi akainuka kumpokea Calist, akamwekea kiti. Calist hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, akavua kofia, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakaondoka.

"Mzee wangu, karibu," meneja akasema. "Kuna shida chumbani?"

"Mimi..." Calist akasema. Akazungusha kofia mikononi. "Kile kitanda..."

Feni inazunguka. Scola akainamisha uso.

"Twende," Calist akasema mwishowe. "Naomba twende kumi na moja. Nitasema hukohuko."

Wakaenda watatu, na Rukaiya akafuata kwa mbali. Luciana akawapisha, akasimama pembeni ameziba mdomo kwa viganja viwili. Calist akashika shuka ya juu akaivuta kwa nguvu. Akavuta ya chini, mito, foronya, vyote vikawa sakafuni. Kisha akaanza upya.

Na mikono ilipoanza, mdomo nao ukaanza.

"Nafanya kazi gesti, Mkiwa," akasema bila kumwangalia mtu, akikung'uta shuka. "Miaka ishirini na mbili. Hii inawekwa hivi, mshono uende chini, mgeni usimkwaruze. Sijawahi kuwa mgeni mahali. Sikujua namna yake. Rukaiya alikuja kufanya kazi, nikamzuia. Nilimwambia aende. Angenibishiaje, mimi ni mtu mzima? Hapa unainua, unalaza, unaingiza chini. Ile ni bahasha. Scola aliingia na macho yake, hakusaini kivulini. Mlango nilimfungulia mimi, ndiyo maana kadi yake haikuguswa. Akaona pembe kama hizi. Akadhani Rukaiya ameshika kazi. Nilijua anakosea, nikanyamaza." Akafika upande wa pili. "Mdomo wa foronya usitazame mlango. Nilinyamaza kwa sababu ya haya yangu. Kosa ni langu. Ukiandika, niandike mimi."

Akapitisha kiganja mara moja, kutoka kichwani hadi miguuni. Akarudi nyuma hatua mbili, jasho linamtoka.

Hajawahi kusema maneno mengi namna hiyo kwa mpigo mmoja, si harusini kwake wala msibani kwa baba yake.

Bwana Abdulazizi akaenda kwenye pembe, akaivuta. Akavuta kwa mikono miwili. Haikutoka. Akacheka kwa pua.

"Kumbe ndiyo huyu," akasema. "Wageni wananiuliza kila mwezi nani aliwafundisha wahudumu wangu kutandika. Na mimi najibu, nasema ni msichana mmoja wa Singida." Kisha akakaza uso. "Nimekuelewa, mzee Calist. Lakini karatasi ni karatasi. Rukaiya, uliandika umesafisha chumba ambacho hukusafisha. Utapata barua ya onyo. Kazi unayo."

"Ahsante," Rukaiya akasema, machozi yanamtoka upya.

"Scola. Uliona kazi nzuri ukajiambia unajua nani kaifanya. Hukumwuliza hata mmoja. Msimamizi anauliza. Siandiki hukufaulu. Naongeza mwezi mmoja, nitakupima tena vyumba vyote."

"Sawa, bosi."

"Na wewe, mzee, nilisema nitakushitaki." Akamshika bega. "Adhabu yako ni hii. Kesho asubuhi, kabla ya boti, hutagusa kitu. Utalala kama wageni wanavyolala, utaamka, utaacha kitanda kama kilivyo. Utakaa kwenye kile kiti utazame bahari mpaka Rukaiya amalize. Umesikia?"

"Kazi ngumu," Luciana akasema kutoka pembeni, na kwa mara ya kwanza wote wakacheka.

Usiku wa mwisho Calist alilala katikati. Asubuhi akaamka, shuka imejikunja miguuni, mto uko sakafuni. Mikono ikamwasha. Akaenda kukaa kwenye kiti, akaikalia mikono yake. Ng'ambo ya kioo cha ukuta ilikuwapo bahari, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akaitazama. Ilikuwa inabadilika rangi polepole kadiri jua lilivyopanda. Akaona ndege weupe wanatembea ukingoni mwa maji wakiinua miguu kama watu wanaoogopa kulowa, akawakumbuka heroe, wale ndege wa miguu mirefu wa ziwa Singidani. Akahisi mabega yake yanashuka. Hakujua kama siku zote yalikuwa yamepanda.

Mlango ukalia mlio mdogo wa kadi. Rukaiya akaingia. "Shikamoo baba. Leo naruhusiwa?"

"Marahaba. Leo mimi ni mgeni."

Rukaiya akafanya kazi. Calist alimwona kwa pembe ya jicho. Pembe ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu nzuri. Ya nne, upande wa dirisha, imelegea. Akakaza makalio kwenye kiti. Luciana akamtazama, akatikisa kidole. Calist akageuza uso baharini.

Kadi ikalia tena. Scola akaingia, karatasi mkononi. Akazunguka kitanda, akavuta pembe moja moja. Ya nne ikatoka.

"Rukaiya, hii umefanya wewe?"

"Mimi, dada."

"Rudia. Inua kwanza, halafu laza. Usiwe na haraka, nasubiri."

Hakumtazama baba yake, wala hakuinama kumsaidia Rukaiya. Alisubiri mpaka pembe ikakaa, akaivuta, ikagoma, ndipo akaweka saini. Calist akiwa kwenye kiti chake aliona ameona alichokuja kukiona. Huyu mtoto ataweza.

Boti haikuchelewa, treni haikuchelewa, na basi likawashusha Mkiwa saa mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Calist alikuta vitanda vinane vimetandikwa na mtu wa muda wa mzee Bonifasi, pembe kama masikio ya mbuzi. Akavivuruga vyote, akaanza upya, anapiga mluzi.

Siku hizi pale gesti kuna beseni mlangoni, lina vitambaa safi vilivyoloweshwa maji ya mtungi, ya baridi. Msafiri akishuka anapewa kimoja. Wiki ya kwanza dereva mmoja wa lori la alizeti alipokea cha kwake, akakitazama, akatoka nacho nje akafuta vioo vya pembeni vya gari, vyote viwili, akakirudisha kimekunjwa vizuri. Calist alikuwa pale mlangoni.

"Hicho ni cha uso, kaka," akamwambia. "Hata mimi nilikosea. Chukua kingine."

Dereva akacheka, akajifuta, vumbi likatoka, uso ukaonekana ni wa kijana zaidi kuliko alivyodhaniwa.

Mwezi ulipokwisha simu ikaita wakati Calist anapiga pasi.

"Shikamoo baba. Amekagua vyote arobaini na viwili."

"Marahaba. Halafu?"

"Amevuta pembe mia moja na sitini na nane. Amenipa, baba. Nimeshika moja kwa moja."

Zamani Calist angemwita Luciana aje aongee. Aliweka pasi juu ya jiwe lake, akaketi kwenye kitanda alichokwisha kukitandika, akakivuruga bila kujali.

"Nieleze," akasema. "Anza mwanzo. Alianza na chumba gani?"